KEEZO: UFUNDI WA WAZEE WETU ULIOTUPONYOKA



Ndugu msomaji, mwezi huu wa Ramadhani wengi wetu tumeshika tasbihi mikononi. Hebu itazame yako. Kama ni ya mbao, chukua punje moja uiangalie vizuri. Ni mviringo, haina kona, na tundu limepita katikati sawasawa. Ya pili ni hivyo hivyo, na ya tatu, mpaka zote 99. Je, umewahi kujiuliza zilifanywaje? Kwa kisu haiwezekani. Hata fundi hodari akichonga punje mbili kwa kisu, hazitalingana.

Chombo kinachofanya kazi hiyo kina jina la Kiswahili, nalo ni keezo. Kitendo chake ni kukereza, na fundi wake ni mkereza. Kuchonga ni mbao kukaa na chuma kutembea, lakini kukereza ni mbao kuzunguka na chuma kukaa. Neno keezo lilikuwa likitumika sana hata likaingizwa katika kamusi ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1939. Leo waulize vijana kumi barazani keezo ni nini, sijui kama utapata mmoja wa kukujibu. Mimi mwenyewe nisingejua lau si kitanda cha nyanya yangu.

Kitanda kile kilikuwa na matendegu manne yaliyokerezwa, yenye mafundo na shingo, na michirizi ya rangi nyekundu na nyeusi isiyobanduka hata ukikwaruza kwa ukucha. Siku moja tendegu moja likavunjika. Tukazunguka mji mzima kutafuta fundi wa kutengeneza jingine kama lile, hatukumpata. Mwishowe seremala mmoja akatuwekea kipande cha mbao ya pembe nne. Nyanya akalala miaka yake ya mwisho juu ya matendegu matatu ya wazee na moja la haraka. Alikuwa akisema, "Wajukuu zangu mwasoma sana, lakini mikono yenu imekufa." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nitafute habari hizi ninazokuletea leo.

CHOMBO CHA ZAMANI MNO

Keezo si chombo cha jana. Huko Misri, mahali paitwapo Tuna el-Gebel, kuna kaburi la kuhani mmoja aitwaye Petosiris, la miaka kama 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Ukutani mwake kuna picha ya watu wawili kazini: mmoja anavuta kamba ili kuuzungusha mti, mwenzake anaukata kwa patasi. Hiyo ni katika picha kongwe kabisa za keezo zinazojulikana duniani.

Baadaye kazi ile ya watu wawili ikafanywa na mtu mmoja kwa kutumia uta. Mti hushikwa baina ya ncha mbili za chuma. Kamba ya uta huzungushwa mara moja kwenye mti, kama ile ya keekee ya kutobolea. Fundi huketi chini. Mkono mmoja husukuma na kuvuta uta, mkono wa pili hushika patasi, na vidole vya mguu huielekeza patasi isiteleze. Mti unapozunguka kumjia, patasi inakata. Unaporudi nyuma, anailegeza kidogo. Huku na kule, huku na kule, mpaka gogo linakuwa tendegu. Mwili mzima unafanya kazi, hata mguu una akili yake!

KAIRO: DIRISHA LISILO NA MSUMARI

Uislamu haukuja kuudharau ufundi wa mbao. Imepokewa katika Sahihi ya Imam Muslim kwamba Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala. Na katika Sahihi ya Bukhari tunasoma kwamba mimbari ya Mtume wetu (S.A.W.) ilitengenezwa na fundi mtumwa wa bibi mmoja wa Kiansari, kwa mbao za mti wa tarfaa kutoka msitu wa karibu na Madina. Jina la fundi lina mapokezi tofauti, lakini kazi yake inakumbukwa mpaka leo.

Waislamu wa baadaye walifuata njia hiyo. Kule Kairouan nchini Tunisia kuna mimbari ya karne ya 9, ya mwaka 862 hivi, yenye zaidi ya vipande 300 vya mbao ya msaji iliyosafirishwa kutoka India. Ndiyo mimbari kongwe kabisa iliyobaki nzima.

Lakini walioifikisha keezo kileleni ni mafundi wa Kairo. Misri haina misitu. Mbao ndefu nzuri ilikuwa ghali, kwani ililetwa kwa merikebu. Sasa fundi afanye nini na vipande vifupi? Akavikereza. Akatengeneza vijiti na mafundo madogo madogo, akayatoboa na kuyachomeka moja ndani ya jingine, bila gundi wala msumari, mpaka yakawa kama wavu wa mbao. Hiyo ndiyo mashrabiya.

Na usidhani walikataa misumari kwa kujionyesha. Mbao huvimba ikipata unyevu na hunywea ikikauka. Ubao mpana uliopigiliwa misumari katika jua la Kairo ungepasuka. Wavu wa vipande mia kadhaa, kila kimoja kikiwa na nafasi ndogo ya kucheza, haupasuki. Tena wavu ule ulileta upepo na kivuli, na uliwawezesha wa ndani kuona nje bila wapita njia kuwaona. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiarabu la kunywa, kwa sababu mitungi ya maji iliwekwa pale dirishani ipoe kwa upepo. Baridi ya maji bila friji, sitara bila pazia!

Kazi hizo bado zipo. Msikiti wa al-Maridani uliokamilika mwaka 1340 una ukuta mzima wa mbao iliyokerezwa, unaotenga sehemu ya kibla na ua. Nyumba ya al-Suhaymi ya mwaka 1648 imejaa mashrabiya. Mkereza kwa Kiarabu ni kharrat, na jina hilo limekuwa jina la ukoo. Mwandishi maarufu wa Misri, Edwar al-Kharrat (1926-2015), alikuwa na jina hilo la ufundi. Katika karne ya 19 madirisha ya vioo ya mtindo wa Ulaya yalipoenea, mashrabiya zikaanza kuachwa, na wakereza wengi wakakosa kazi. Kumbe si sisi peke yetu tuliopatwa na haya.

ROSHANI ZETU

Waliokwenda Hija wakapitia Jidda ya zamani wameona madirisha makubwa ya mbao yaliyotokeza nje ya nyumba. Wenyewe huyaita rawashin, na moja ni rawshan. Je, neno hilo halikukumbushi kitu? Ni roshani yetu hii hii! Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya mwanga. Bahari iliyoleta neno ilileta pia mbao na mafundi.

Pwani yetu ilipokea kutoka pande zote. Msaji ulitoka India. Boriti za mikoko zilitoka Lamu kwenda Arabuni na Ghuba, ambako miti mirefu ni haba. Na kutoka upande wa India na Sindh, ambako mji wa Hala unasifika kwa kazi hiyo mpaka leo, ulijulikana ufundi wa kukereza kwa lakri. Lakri ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi juu ya miti huko India. Huyeyushwa, huchanganywa na rangi, kisha hufanywa kijiti. Fundi akimaliza kukereza, hukibana kijiti kile kwenye mbao inayozunguka. Msuguano unatoa joto, lakri inayeyuka na kushika mbao papo hapo. Huko Channapatna, kusini mwa India, mafundi hulainisha rangi hiyo kwa jani la mti wa jamii ya mkadi. Inasimuliwa kwamba ufundi wao ulipewa nguvu na Tipu Sultan, mtawala Mwislamu wa Mysore aliyeuawa mwaka 1799.

Sasa nikaelewa kwa nini rangi ya matendegu ya nyanya haikubanduka. Haikupakwa kwa brashi, iliyeyushiwa pale pale kwenye keezo.

Lamu, Pate na Siyu palikuwa na mafundi wa kila namna. Siyu ya karne ya 18 na 19 ilijulikana kwa kazi za ngozi, mbao na kunakili misahafu kwa mkono. Mtu mmoja ananakili msahafu, jirani yake anachonga marufaa ya kuuwekea. Elimu na ufundi vilikaa mtaa mmoja.

SANDARUSI ILIYONG'ARISHA SAMANI ZA WATU

Kuna jambo moja la kusikitisha kidogo. Katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki kuna mti uitwao msandarusi. Utomvu wake wa kale uliofukiwa ardhini na kugeuka mgumu kama jiwe ndio sandarusi bora, na ulichimbwa kwa majembe. Baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba na Marekani mwaka 1833, wafanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts, walikuja Unguja kununua pembe, ngozi na sandarusi. Wakaisafisha kwao na kutengenezea vanishi ya magari ya farasi na samani.

Yaani utomvu wa ardhi yetu uling'arisha viti vya ng'ambo, kisha vanishi ikarudi kwetu ndani ya mkebe, tukainunua. Katika karne ya 20 vanishi za viwandani zikachukua nafasi yake, na leo kijana wa pwani halijui jina la sandarusi ila labda katika methali na mashairi.

TULIPOTEZA VIPI?

Wengine husema ni ukoloni, wengine husema ni uvivu wa vijana. Mimi naona sababu ni nyingi. Vitanda vya chuma na vya kiwandani viliingia kwa bei nafuu. Samani za kale zikanunuliwa na watu wa nje, zikaondoka hata mifano ya kuigiza ikawa haba. Na kubwa zaidi, ufundi huu ulikaa mikononi. Haukuandikwa. Mzee akifariki, anazikwa nao.

Ushahidi ni milango. Uchongaji wa milango Lamu haukufa. Karakana zipo, vijana wanajifunza, na Mji Mkongwe wa Lamu ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mlango ulipata wanunuzi na ukapata wanafunzi. Tendegu halikupata vyote viwili. Ufundi haufi kwa sababu ni wa zamani. Unakufa ukikosa mwanafunzi.

UKITAKA KUANZA

Baada ya nyanya kufariki, niliazimia lile tendegu la nne nilirudishe. Nikapata fundi wa mashine ya stima anayekereza vijiti vya ngazi. Umbo alilitoa vizuri, mashallah. Lakini mbao ilikuwa mbichi. Ilipokuja kaskazi, tendegu likapasuka kutoka juu mpaka chini. Pesa zikaenda, nikabaki na somo. Basi wewe usirudie makosa yangu.

Mbao. Kwanza ikauke. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene, kivulini penye upepo. Paka nta au rangi kwenye ncha mbili za gogo mara tu likikatwa, kwa sababu unyevu hutoka upesi zaidi nchani, na ufa huanzia hapo. Kama unataka bakuli, unaweza kulikereza likiwa bichi, ukaacha ukuta mnene kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Liweke miezi kadhaa, litapinda liwe kama yai, kisha ulirudishe kwenye mashine ulimalizie.

Mpingo ni mfalme wa miti ya kukereza. Ni mzito hata huzama majini, na ndio unaotengenezewa klarineti na zumari za Ulaya. Lakini umekatwa sana. Tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya masharti ya mkataba wa CITES. Muhugu nao uliliwa na vinyago. Mvule ni mzuri na hauliwi na mchwa, ila ndani yake hukutwa vijiwe vinavyovunja makali ya patasi, na vumbi lake huwaletea wengine pumu na muwasho. Mtu anayeanza atumie miti ya mashambani: mwarobaini, mwembe mzee usiozaa tena, mjakaranda, mfenesi wenye rangi ya manjano, au mpera kwa vitu vidogo. Baadhi ya miti hii ndiyo wachongaji wa vinyago nchini walihimizwa kuitumia kuanzia miaka ya 1990 ili kuokoa misitu. Mwembe ukaushe upesi, maana ukuvu na dumuzi huupenda. Mtume (S.A.W.) alitusisitiza kupanda miti hata saa za mwisho. Itakuwaje sisi tuwe watu wa kukata tu?

Vifaa. Usinunue seti ya vipande kumi. Vinne vinatosha: bobari pana ya kuondoa kona za gogo, bobari nyembamba ya kutia mabonde, patasi ya makali ya mshazari ya kulainisha, na patasi nyembamba ya kukatia. Tafuta chuma kilichoandikwa HSS. Chuma cha kawaida kikigeuka buluu kwenye jiwe la kunolea kimeharibika, HSS huhimili joto hilo. Noa mara kwa mara. Patasi butu haikati, inakwaruza, na ndiyo inayonasa ikamrusha mtu. Bobari pana ya kuondoa kona usiitumie kabisa kwenye bakuli, kwa kuwa shina lake ni jembamba na laweza kuvunjika usoni pako.

Mwendo. Zidisha kipenyo kwa inchi mara mizunguko kwa dakika, jibu liwe baina ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10 basi ni mizunguko 600 hadi 900. Gogo ambalo halijawa mviringo, anza chini zaidi. Na tafadhali, usisimame mbele ya mashine na kanzu ya mikono mipana, shali, au mtandio unaoning'inia. Vaa miwani na barakoa ya vumbi.

Kumalizia. Wazee walitumia majani makavu ya mti wa msasa, na ndiyo asili ya jina la karatasi tunayonunua dukani. Anza na nambari 120, kisha 180, 240, mpaka 320. Usiruke. Kila karatasi inafuta mikwaruzo ya iliyotangulia, na ukiruka, vanishi itaidhihirisha yote. Mwisho simamisha mashine, usugue kwa kufuata nyuzi za mbao.

Chombo cha chakula, kama bakuli au mti wa kusukumia chapati, kipake mafuta ya parafini ya kunywa yanayouzwa duka la dawa, yaliyopashwa moto taratibu na nta ya nyuki: mafuta sehemu nne, nta sehemu moja. Mafuta ya kupikia yaache, yataoza na kunuka. Samani unaweza kuipaka mafuta ya kitani, mipako myembamba, kila mmoja ukauke kwanza. Lakini tambara lenye mafuta hayo usilikunje ukalitupa pembeni, linaweza kuwaka lenyewe. Litandaze nje likauke. Na tasbihi? Nta kidogo tu. Vidole vyako na dhikri vitamaliza kazi iliyobaki.

TENDEGU LA NNE

Mwaka uliofuata nilipata kipande cha mfenesi kilichokaa darini miaka mingi. Safari hii nikamwomba fundi yule yule anifundishe, nikerezé mwenyewe chini ya macho yake. Tendegu langu la kwanza lilitoka kama mchi wa kinu. La pili likatoka kama karoti. La tatu ndilo lililo chini ya kitanda kile leo. Si zuri kama yale matatu, na rangi yake ni mafuta tu, kwani wa kunifundisha lakri sijampata. Lakini kitanda kimesimama sawa.

Ndugu zangu, jumuiya zetu zina madarasa ya kompyuta na ya tajwidi, alhamdulillahi. Je, haiwezekani likizo moja ya shule tukaomba fundi mmoja na mashine moja, vijana kumi wakajifunza? Na kama kwenu kuna mzee aliyewahi kushika uta wa keezo, muendee kabla ya Idi. Mpelekee tende, kaa naye, muulize. Andika anayokwambia, na mwombe akuonyeshe kwa mikono. Imepokewa kwamba Nabii Daud (A.S.), pamoja na ufalme wake, alikula kwa kazi ya mikono yake. Sisi ni nani hata tuione ni aibu?

Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu, awarehemu wazee wetu waliotangulia, na aihuishe mikono yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.